Mlima usio na mto unaoinywesha Pwani: kutoka lava ya Shetani hadi Mzima

Muulize mtu yeyote wa Mombasa maji ya mfereji wake yanatoka wapi, hatakosa kutaja Mzima, Baricho au Marere. Muulize tena: na huko Mzima yanafikaje? Hapo wengi wetu hunyamaza. Jibu liko kwenye milima ambayo haina mto wa kudumu hata mmoja, haina ziwa, wala kijito cha kunawia miguu. Ni milima ya Chyulu, ile tunayoipita usiku tukiwa tumelala ndani ya basi la Nairobi.

Kiangazi kilichopita nilikwenda huko kwa siku tatu pamoja na jamaa wanne wa hapa mjini. Tulitaka kuona mawe ya ajabu tuliyosikia habari zake: mto wa mawe meusi, vilima vya majivu na mapango yaliyochimbwa na moto. Tuliyaona yote hayo. Lakini kadiri tulivyotembea ndivyo nilivyozidi kuelewa kwamba mawe yale si ya kupigia picha tu. Ndiyo tangi letu. Makala haya ni ya kueleza tangi hilo linavyofanya kazi, na kwa nini mtu wa Majengo, Likoni au Malindi ana haki ya kuliulizia habari.

Milima yenyewe

Chyulu imejipanga kwa mstari mrefu wa kama kilomita 100, kutoka kaskazini-magharibi kuelekea kusini-mashariki, kati ya barabara kuu ya Mombasa–Nairobi na nyanda za Wamaasai chini ya Kilimanjaro. Upande wa mashariki ni kaunti ya Makueni, kwa Wakamba wa Kibwezi na Makindu. Upande wa magharibi ni Kajiado. Mkia wake wa kusini unaingia Taita Taveta, ndani ya mbuga ya Tsavo Magharibi. Kilele chake kirefu kina mita 2,188. Sehemu ya milima ilitangazwa kuwa mbuga ya taifa mwaka 1983, na sasa iko chini ya Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS.

Ukiitazama kwa mbali huoni mlima mmoja. Unaona mamia ya vilima vya duara, kimoja nyuma ya kingine, vyote vikiwa vimefunikwa na nyasi za kijani, kama mtu aliyepindua bakuli nyingi juu ya meza. Kila bakuli lilikuwa mdomo wa volkano. Ukipanda juu yake unakuta katikati shimo lililodidimia, ambalo wataalamu huliita kasoko. Mashimo mengine yamejaa miti mirefu, mengine yana nyasi tupu na nyati wakilala ndani.

Kwa umri wa milima, Chyulu ni mtoto mchanga. Moto wake ulianza kutoka kiasi cha miaka milioni 1.4 iliyopita, upande wa kaskazini, kisha ukawa unahamia kusini taratibu. Ndiyo maana vilima vya kaskazini vimezeeka na kuota udongo, na vya kusini bado ni vyeusi kana kwamba jiko limezimwa jana. Milipuko ya mwisho inakadiriwa kutokea katikati ya karne ya 19. Fikiria hapo: Seyyid Said anatawala kutoka Unguja, bendera yake inapepea juu ya Ngome ya Yesu, misafara inatoka Mombasa kwenda bara, na kule Tsavo ardhi inapasuka na kutoa moto.

Mto wa mawe wanaouita Shetani

Moto huo wa mwisho ndio uliotuachia lava ya Shetani. Iko Tsavo Magharibi, karibu na lango la Chyulu, kwenye barabara inayoelekea Amboseli. Unapita katika pori la kawaida, miti ya miiba na udongo mwekundu, halafu ghafla barabara inaingia kwenye weusi mtupu. Kushoto mawe meusi, kulia mawe meusi, mpaka jicho linapochoka. Vipimo vinavyotajwa ni urefu wa kilomita 8, upana wa kilomita 1.6 na kina cha kama mita 5.

Lava ni mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi na kupanda juu yakiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Yanapotoka huteremka kama uji mzito. Upande wa juu hupoa haraka ukawa ganda, lakini ndani bado panatembea. Ganda likisukumwa na kile kinachotembea chini yake hupasuka vipande vipande, na vipande hupandana. Ndiyo maana lava ya Shetani haina uso laini. Ni rundo la mawe yenye makali, mepesi kuliko unavyodhania, yaliyojaa vitundu vidogo vilivyoachwa na hewa ya moto. Ukiliokota moja linakukwaruza kiganja. Ukiligonga na jingine linalia kama kigae.

Sisi wa Pwani tumezoea jiwe la aina nyingine. Nyumba za Mji wa Kale na Ngome ya Yesu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe, yaliyotokana na viumbe wa baharini. Tunayo pia Nyari kule Marafa, ambako mvua imechonga mchanga mwekundu na mweupe ukawa kama minara. Marafa ni kazi ya maji yanayobomoa. Shetani ni kazi ya moto uliojenga, na ukayajenga kwa muda mfupi tu, si kwa maelfu ya miaka.

Kuhusu jina, inasimuliwa kwamba wakazi wa wakati huo walipoona moto unatoka ardhini waliamini ni shetani mwenyewe anayetoka. Sioni sababu ya kuwacheka. Mtu aliyelala akiwa na malisho, akaamka akakuta pamekuwa bahari ya moto, angeliita nini?

Pakikutazama kwa haraka unaweza kusema hapa hakuna uhai. Inama kidogo. Juu ya mawe kuna madoa ya kijivu na manjano, kuvu ngumu inayoshika jiwe na kulila polepole. Kwenye nyufa kuna vumbi kidogo, na ndani ya vumbi hilo mti mdogo umeota. Pimbi wanaota jua. Tuliona mbuzi mawe mmoja, amesimama juu ya ncha za kwato zake kwenye jiwe kali bila kutetereka. Hivyo ndivyo vilima vya kaskazini vilivyoanza kuwa kijani, na ndivyo Shetani naye atakavyokuwa, si katika umri wetu.

Hapo karibu kuna kilima kingine maarufu, Chaimu, cheusi kuanzia chini hadi juu, kisicho na kitu ila majivu na makaa ya volkano. Kinapandika. Lakini kila ukipiga hatua mbili unarudi moja, kama kupanda rundo la kokoto. Aliye juu anaona vizuri jinsi vilima vilivyopangana, na upande wa magharibi, asubuhi ikiwa safi, theluji ya Kilimanjaro.

Mifereji iliyo chini ya miguu

Uji ukiachwa katika bakuli hufanya utando juu, na chini unabaki wa moto. Chukua mfano huo uelewe mapango ya Chyulu. Lava ikiteremka mlimani, upande wa juu na wa pembeni hugeuka jiwe, lakini katikati inaendelea kutiririka kama maji ndani ya bomba. Volkano ikinyamaza, lava iliyobaki ndani hutoka yote upande wa chini, na bomba linabaki tupu. Hilo ndilo pango.

Chyulu ina mapango mengi ya namna hii. Kubwa kuliko yote linaitwa Leviathan. Lilipimwa na wachunguzi wa mapango wa Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, likakutwa na njia za zaidi ya kilomita 11 kwa jumla, na linahesabiwa miongoni mwa mapango marefu ya lava duniani. Kuta zake zina mistari ya mlalo, kama alama za maji kujaa na kupwa kwenye nguzo za gati. Ni alama za lava ilipokuwa ikipungua. Darini kumening'inia matone ya jiwe yaliyoganda kabla hayajadondoka.

Tuliingia sehemu ndogo tu ya pango jingine fupi, na askari wa wanyamapori akiwa mbele yetu na tochi. Ilikuwa saa saba mchana na nje jua linachoma. Hatua ishirini ndani, baridi. Nikauliza, maji yanayodondoka humu yanakwenda wapi, maana sioni dimbwi. Askari akamulika sakafu iliyojaa nyufa. “Hapa hayakai, mzee. Yanashuka kwenu.”

Kwa nini hakuna mto

Neno lile ndilo kiini cha jambo. Mvua ikinyesha Taita au Shimba, unaona vijito. Chyulu mvua hunyesha na ukungu hujaa, lakini maji hayatembei juu ya ardhi. Majivu, makaa ya volkano, lava yenye vitundu na nyufa, mapango: kila kitu pale kimetobolewa. Kila mama wa Pwani anakijua kifumbu cha kukamulia tui la nazi. Mlima mzima ni kifumbu.

Maji hushuka mpaka yanapokutana na mwamba mkongwe, mgumu, uliokuwapo kabla ya volkano, usiopitisha maji. Hapo hayawezi kushuka zaidi, basi hufuata mteremko wa mwamba huo gizani, polepole, mpaka yapate mlango wa kutokea. Mengine hutokea upande wa Kibwezi na Makindu, kwenye chemchemi kama Umani. Mengi huelekea kusini na kutokea Mzima, takribani kilomita 50 kutoka yalikoanguka. Waongozaji wengi hutaja miaka 25 kuwa ndiyo muda wa safari hiyo ya chini kwa chini.

Sasa, kifumbu peke yake hakitoi tui bila nazi. Kazi ya kuleta maji inafanywa na mvua pamoja na msitu. Juu kabisa ya mgongo wa Chyulu, ndani ya makasoko na kwenye vilele, kuna misitu ya ukungu. Tulipanda alfajiri tukiwa na makoti, na hakukuwa na mvua, lakini chini ya miti kulikuwa kunanyesha. Upepo wa kusi unaotoka baharini, upepo ule ule unaosukuma mashua zetu, hufika pale ukiwa na unyevu, ukapanda mlima na kupoa ukawa ukungu. Matawi yaliyojaa ndevu za kijani hukamata ukungu huo na kuudondosha tone kwa tone. Mti ukikatwa, ukungu hupita zake. Nyasi zikichomwa kila mwaka, udongo mwembamba ulioshikilia majivu huoshwa na mvua kali, na msitu hurudi nyuma hatua moja.

Kwa hiyo mlima unahitaji vitu viwili: mawe ya kuhifadhi na miti ya kukamata. Mawe hakuna wa kuyaharibu kwa urahisi. Miti ni jambo la mwezi mmoja wa panga na moto.

Mzima

Kutoka Shetani hadi Mzima si mbali kwa gari, lakini ni kama kuhama dunia. Baada ya weusi na ukavu, unakuta mitende, mitini, ndege, na dimbwi la maji safi kiasi kwamba unahesabu samaki ukiwa umesimama ukingoni. Maji hayana tope kwa sababu yamechujwa na jiwe kwa miaka. Yanatoka chini ya lava kwa nguvu, kiasi cha lita milioni 220 kwa siku. Ukipenda hesabu ya mkokoteni, hiyo ni mitungi milioni 11 ya lita 20, kila siku, kiangazi na masika.

Viboko wanakaa mchana majini na usiku hutoka kula majani. Kinyesi chao ndicho chakula cha samaki na wadudu wa majini, na samaki ni chakula cha mamba, fisi maji na ndege. Kuna chumba cha vioo kilichozamishwa ndani ya maji, unashuka ngazi na kutazama samaki wakipita usoni pako. Sifa za mahali hapa zilienea duniani kwa filamu ya mwaka 1972 ya Alan na Joan Root. Lakini viboko wanategemea pia malisho ya nje, na ukame wa mwaka 2009 uliwapunguza sana. Chemchemi haikukauka. Walikufa kwa njaa, maji yakiwa kiunoni.

Maji ya dimbwi hutembea juu ya ardhi kama kilomita mbili, yakapigwa na ukuta wa lava iliyoganda, yakazama tena. Mwishowe hufika mto Tsavo.

Bomba, na mifuko miwili ya kanzu moja

Bomba la Mzima lilijengwa katika miaka ya 1950. Lina urefu wa kama kilomita 220, na maji huteremka yenyewe kwa mteremko wa nchi bila kusukumwa na mashine, kupitia Voi na Mariakani hadi Mazeras na kisha mjini. Uwezo wake ni kiasi cha lita milioni 35 kwa siku, yaani kama sehemu moja katika sita ya kinachotoka chemchemini.

Tupige hesabu ndogo. Sensa ya mwaka 2019 iliikuta kaunti ya Mombasa na watu 1,208,333. Gawanya lita milioni 35 kwa watu hao: lita 29 kila mmoja, mtungi mmoja na nusu hivi wa kupikia, kuoga, kufua na choo. Na hapo bado hatujatoa maji ya miji iliyo njiani, wala yanayopotea kwa mabomba yaliyochakaa. Bomba lililojengwa kwa ajili ya mji mdogo wa wakati ule linabebeshwa jiji.

Ndiyo maana bomba la pili la Mzima limezungumzwa miaka nenda miaka rudi. Mimi silipingi. Lakini tujue jambo moja ambalo halisemwi sana. Maji ya Mzima yanayobaki huingia mto Tsavo, Tsavo ukakutana na Athi ukawa Galana, na Galana ukishuka huku kwetu tunauita Sabaki, unaomwaga baharini kaskazini ya Malindi. Visima vya Baricho, vinavyonywesha Malindi, Kilifi na sehemu kubwa ya Mombasa, vinavuta maji kutoka kwenye mchanga wa mto huo huo. Wakati wa kiangazi, Athi ukiwa umenyong'onyea, maji ya Tsavo ndiyo hutegemewa.

Kwa maneno mengine, Mzima na Baricho ni mifuko miwili ya kanzu moja. Ukihamisha fedha kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto hujatajirika. Utajiri ni mlimani.

Wanaoishi na mlima

Hatari za Chyulu ni za kawaida: moto wa kiangazi, uchomaji mkaa, ukataji miti, mashamba yanayopanda juu, uvunaji wa miraa ya porini, na mifugo mingi kuliko malisho. Ni rahisi kwetu kukaa barazani na kuwalaumu watu wa huko. Lakini mtu anayeishi chini ya mlima huu anatembea mbali kutafuta maji, ilhali maji yanapita chini ya miguu yake kuja kwetu. Watu wa Taita Taveta kwa miaka mingi wamelalamika kwamba bomba linakatiza kaunti yao na vijiji vyao vikavu, na kwamba chemchemi ni yao lakini faida ni ya wengine. Nikijiweka mahali pao, ningelalamika zaidi.

Upande wa Wamaasai kuna hatua iliyokwisha kupigwa. Ranchi za jamii za Kuku, Kuku A, Mbirikani na Rombo, pamoja na KWS, Shirika la Misitu na mashirika ya uhifadhi, wana mradi wa pamoja wa kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti na nyasi za Chyulu. Wanaonunua ni kampuni za mbali zinazotaka kufidia moshi wao. Fedha husaidia kulipa askari wa jamii na karo za watoto. Mtu anaweza kubishana juu ya biashara hiyo, lakini tazama ajabu yake: kampuni ya ng'ambo inalipa ili mti wa Chyulu usikatwe, na sisi tunaokunywa maji yake hatuchangii hata shilingi tukijua.

Mfano tunao nchini. Mwaka 2015 ulizinduliwa mfuko wa maji wa Tana ya Juu na Nairobi, ambapo watumiaji wakubwa wa maji wa mjini huchangia wakulima wa milimani wapande miti, wachimbe matuta na wazuie udongo usiingie mitoni. Wanajua ni nafuu kulinda maji yakiwa mlimani kuliko kusafisha tope yakifika mjini. Pwani tuna bandari, tuna mahoteli, tuna viwanda, wote wanahitaji maji. Mfuko kama huo wa Chyulu na Mzima, wenye viti vya Taita Taveta, Makueni na Kajiado mezani, ungekuwa na maana kuliko makongamano tunayofanyiwa kila kiangazi. Na sharti la kwanza la bomba lolote jipya liwe kwamba vijiji vinavyopitiwa vinywe kwanza.

Ukitaka kwenda

Ni safari ya watu wa kawaida, si ya watalii peke yao. Mtito Andei ni karibu nusu ya njia ya Nairobi. Treni ya SGR inayosimama vituoni hushusha abiria Voi, Mtito Andei na Kibwezi. Lango la Mtito Andei linakuingiza Tsavo Magharibi, na kutoka hapo Mzima, Chaimu na Shetani unavizuru kwa siku moja ukiwahi asubuhi, lakini lazima uwe na gari. Mkiwa kundi, kodisheni matatu moja iliyo imara, mtagawana gharama. Kwa milima yenyewe ya Chyulu, njia ni ya Kibwezi, na gari liwe la kupanda milima. Kiingilio hulipwa kwa njia ya eCitizen, si kwa fedha mkononi, na Mkenya aje na kitambulisho apate bei ya raia.

Vaa viatu vyenye soli nene. Kandambili kwenye lava ni kujitafutia jeraha. Chukua maji ya kutosha, kofia, na koti kwa ajili ya alfajiri ya mlimani. Pangoni usiingie bila mwongozaji na tochi mbili. Mzima utaandamana na askari kwa sababu ya mamba na viboko, msikilize. Usiokote mawe ukapeleka nyumbani, na usiache hata chupa moja, kwa sababu kinachoachwa juu ya kifumbu kiko njiani kuelekea kwenye kikombe cha mtu.

Walimu wa shule zetu nawaomba jambo moja. Kila mwaka mnawapeleka wanafunzi Ngome ya Yesu na Gedi, na ni vyema. Mwaka mmoja wapelekeni Mzima, wapitie Shetani kwanza, waguse jiwe lenye vitundu na kumwagia maji waone yanavyopotea. Somo hilo halitasahaulika.

Maana maji tunayofungua leo mferejini, ikiwa hesabu ya waongozaji ni sawa, yaliangukia Chyulu miaka 25 iliyopita, juu ya msitu uliolindwa na watu tusiowajua. Mti unaokatwa huko leo hatutauona upungufu wake kesho wala mwaka ujao. Watakaouona ni watoto walio madarasani sasa, siku watakayofungua mfereji ukatoa upepo, na itakuwa imechelewa kuuliza maji yalikuwa yakitoka wapi.